Sura ya 7: Waya Mmoja, Habari Mbili

Kusini mwa Moshi, mashamba ya miwa ya TPC yametanda Arusha Chini, na katikati yake kuna kiwanda ambacho msimu wa kusaga ukianza hakizimwi usiku wala mchana. Wanaopita hapo, hata walio na ndugu ndani ya kiwanda, huuliza swali lilelile: mashine imefunikwa chuma kila upande na inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, mafundi wanajuaje kwamba kilichomo ndani kimeanza kuharibika kabla hakijavunjika?

Mafundi wenyewe wana swali la pili, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini kidogo: "Kihisi changu kinasoma vizuri kwenye malitimita. Mbona kwenye kompyuta naona mstari ulionyooka?"

Maswali haya mawili yana jibu moja. Kihisi kinachochungulia ndani ya mashine hutuma habari mbili kwa wakati mmoja kupitia waya mmoja. Namna waya huo unavyounganishwa kwenye kompyuta ndiyo inayoamua kama zote mbili zitafika, au moja tu, au hakuna.

Mashine zinazohusika

TPC ilianzishwa na Wadenmark enzi za ukoloni, ikawa mali ya serikali, na mwaka 2000 asilimia 75 ya hisa zikauzwa kwa wawekezaji huku serikali ikibaki na 25. Makapi ya miwa yaliyokwisha kukamuliwa, yaani bagasi, huchomwa kwenye boila. Mvuke wa boila huzungusha turbini, gurudumu lenye mapanga mengi, na turbini huzungusha jenereta. Umeme unaopatikana huendesha kiwanda, na wa ziada huingia kwenye gridi ya TANESCO.

Upande wa maji nao upo. Mito inayoshuka Kilimanjaro na Meru hukusanyika kwenye Kikuletwa na Ruvu, ikamimina katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako mashine mbili zina uwezo wa megawati 8. Maji hayohayo huendelea na Mto Pangani hadi Hale, megawati 21, kisha New Pangani Falls, megawati 68. Wilayani Hai, Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo cha mafunzo ya nishati jadidifu cha Kikuletwa, kando ya mtambo wa maji wa zamani.

Mashine zote kubwa za aina hii, za mvuke na za maji, zina shafti nzito inayozunguka ndani ya beringi zisizo na gololi. Shafti hukaa juu ya utando mwembamba wa mafuta. Nafasi kati ya shafti na beringi ni ndogo sana: kwa shafti yenye kipenyo cha milimita 100, huwa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, au zaidi kidogo. Shafti ikianza kucheza ndani ya nafasi hiyo, au beringi ikilika, nje ya mashine huenda usisikie lolote. Utando wa mafuta humeza mtetemo, na gamba zito la chuma humeza kilichobaki.

Gharama ya kutosikia tunaijua. Tarehe 17 Agosti 2009, katika kituo cha umeme wa maji cha Sayano-Shushenskaya nchini Urusi, mfuniko wa mashine namba 2 ulifyatuka, maji yakajaa ukumbini, watu 75 wakafa. Uchunguzi wa serikali ulieleza kwamba boliti za mfuniko zilikuwa zimechoka, na kwamba mtetemo ulikuwa umepita kiwango kinachoruhusiwa huku mashine ikiachwa ifanye kazi.

Kihisi kisichogusa

Huwezi kugusa shafti inayozunguka kwa kasi hiyo. Kwa hiyo mafundi hutumia probu: kijiti cha chuma chenye nyuzi kama za boliti, na kwenye ncha yake kuna koili ndogo ya waya iliyofunikwa plastiki ngumu. Ncha iliyozoeleka ina kipenyo cha milimita 5 au 8. Probu hupenyezwa kwenye tundu karibu na beringi na kuachwa ikiitazama shafti kwa umbali wa milimita moja na kitu. Umbali huo tutauita pengo.

Koili hupelekewa umeme unaogeuka zaidi ya mara milioni kwa sekunde. Umeme huo hutoa uga wa sumaku mbele ya ncha. Uga ukiifikia shafti, huzaa ndani ya ngozi ya chuma mikondo midogo inayojizungukia. Mwanasayansi Mfaransa Léon Foucault aliionyesha mikondo hii mwaka 1855, alipoona sahani ya shaba inayozunguka katikati ya sumaku ikiwa nzito kuizungusha na kupata joto. Wewe pia umeiona ikifanya kazi: ndiyo iliyozungusha kile kisahani cha aluminiamu ndani ya mita za umeme za zamani, kabla ya LUKU, na ndiyo inayopasha sufuria kwenye jiko la induksheni.

Mikondo hiyo hula nguvu ya koili. Shafti ikisogea karibu, huliwa nguvu nyingi. Ikienda mbali, kidogo. Kipimo cha nguvu iliyoliwa hugeuzwa kuwa volti, na volti hiyo ndiyo umbali. Mhandisi Mmarekani Donald Bently aliijengea njia hii biashara, na kampuni yake ya Minden, Nevada, ikaifanya kuwa ya kawaida kwenye mitambo mikubwa duniani.

Vitu vitatu vinavyohesabiwa kama kimoja

Probu haifanyi kazi peke yake. Mfumo kamili una:

- probu yenyewe;
- kebo ya kurefushia;
- kisanduku cha kielektroniki kinachoilisha koili na kutoa volti ya umbali, ambacho mafundi hukiita draiva.

Hivi vitatu vimepimwa kiwandani vikiwa pamoja. Urefu wa kebo ni sehemu ya hesabu, kwa kawaida jumla ya mita 5 au mita 9. Kebo ikizidi urefu, izungushe na uifunge vizuri, usiikate. Ukiikata, au ukiunga probu ya mfumo wa mita 5 kwenye draiva ya mita 9, volti itatoka, namba zitaonekana, na zote zitakuwa za uongo. Baada ya draiva hali ni tofauti: waya wa kwenda kwenye paneli unaweza kufika mamia ya mita bila shida kubwa.

Aina ya chuma nayo ina uzito. Draiva nyingi zimepimwa kwa chuma kinachoitwa 4140. Shafti yako ikiwa ya chuma kingine, mwombe mkerezaji akate kipande cha chuma hichohicho, kisha upime upya kwa mikromita kabla ya kufunga.

Habari mbili zenyewe

Kwa mfumo uliozoeleka, kila milimita moja ya umbali ni volti 7.87. Na volti hizo ni hasi, kwa sababu draiva hulishwa volti 24 hasi. Shafti ikiwa karibu sana, draiva hutoa kama volti 1 hasi. Ikiwa mbali, hufika 17 au 18 hasi. Mafundi huweka probu katikati ya uwanja huo, kwenye volti 9 hadi 10 hasi.

Habari ya kwanza ni volti iliyosimama. Inasema shafti imekaa wapi ndani ya beringi. Hii hubadilika polepole, kwa saa, siku au miezi, na ndiyo inayofichua beringi inayolika.

Habari ya pili ni volti inayocheza juu ya hiyo iliyosimama. Inasema shafti inatetemeka kiasi gani. Mtetemo wa mikroni 40, yaani sehemu 40 za elfu moja za milimita, ni volti 0.31 tu kutoka kilele hadi bonde.

Tatizo la kuunganisha limelala hapo. Kifaa cha kukusanyia data, ambacho hapa tutakiita kinasa, kinatakiwa kibebe volti kubwa isiyocheza na volti ndogo inayocheza, kwa pamoja.

Dari ya volti 10

Vinasa vingi vinavyouzwa husoma kati ya volti 10 hasi na volti 10 chanya. Fundi huona pengo lake limesimama kwenye 9.6 hasi, mtetemo ni 0.31, akahesabu: bonde la chini kabisa ni 9.76 hasi. Inaingia. Anafunga paneli na kwenda zake.

Miezi inapita. Kwa kawaida probu hufungwa upande wa juu wa shafti. Beringi ya chini ikilika, shafti inashuka na kuikimbia probu. Ikishuka sehemu moja ya kumi ya milimita, probu iliyoinama nyuzi 45 huona kama milimita 0.07, sawa na volti 0.56. Sasa pengo ni 10.16 hasi. Wimbi lote limepita nje ya dari, na kinasa kinaandika volti 10 hasi, 10 hasi, 10 hasi. Kwenye skrini kuna mstari ulionyooka na mtetemo sifuri. Mashine inaonekana imetulia kuliko siku zote, katika juma lile ambalo ilihitaji kuzimwa. Malitimita haina dari hiyo, ndiyo maana inasoma vizuri.

Njia tatu za kupita chini ya dari

1. *Kinasa chenye uwanja mpana.* Kuna vinasa vinavyosoma hadi volti 24 au 30 hasi. Habari zote mbili zinapita bila kuguswa. Hii ndiyo njia safi, na ndiyo ya kununua kama fedha ipo.

2. *Kuigawa volti.* Rezista mbili zinazolingana, zikifungwa kwa kufuatana, huigawa volti nusu kwa nusu. Volti 18 hasi inakuwa 9 hasi. Habari zote mbili zinapita, kila moja ikiwa nusu, nawe unazidisha mara mbili kwenye programu. Usiogope kupoteza umakini: kinasa cha biti 16 chenye uwanja wa volti 20 hutofautisha hatua za volti 0.0003, kwa hiyo hata baada ya kugawa unaona chini ya sehemu moja ya kumi ya mikroni.

3. *Kuchuja volti iliyosimama.* Vinasa vingi vya mtetemo vina swichi inayoruhusu volti inayocheza tu kupita. Wimbi linaonekana zuri, dari haikusumbui, lakini habari ya kwanza umeitupa. Beringi italika mbele ya macho yako na hutaona.

Njia ya pili ina mtego wake. Mlango wa kinasa wenyewe hunywa mkondo kidogo. Ukitumia rezista za kilo-om 100 kwenye kinasa chenye ukinzani wa mega-om 1, nusu yako haitakuwa 0.5 tena, itakuwa 0.476, na kila kipimo kitapungua kwa karibu asilimia 5. Kwa rezista za kilo-om 10, upungufu ni nusu ya asilimia moja. Usishuke sana chini ya hapo, maana draiva nayo haipendi kubebeshwa mzigo mzito. Kisha pima uwiano halisi kwa malitimita na uandike namba hiyo kwenye programu.

Njia ya tatu ina mtego kwa watu wa maji hasa. Vichujio vingine huanza kukata chini ya hezi 3, yaani mizunguko mitatu kwa sekunde. Mashine ya maji inayozunguka mara 300 kwa dakika ina hezi 5, inapita. Lakini ikiendeshwa kwa mzigo mdogo, maji yanayotoka chini ya turbini huweza kujisokota na kutikisa mashine kwa robo hadi theluthi ya kasi hiyo, kama hezi 1.5. Mtikisiko huo wenye hatari ndio utakaokatwa.

Mkondo ambao hukuuomba

Vinasa vya mtetemo vimetengenezwa kwanza kwa ajili ya vihisi vinavyobandikwa juu ya gamba la mashine. Vihisi hivyo hulishwa kupitia waya uleule wa kipimo, kwa mkondo wa miliampea 2 hadi 4. Kwenye menyu huitwa IEPE. Draiva ya probu ina chakula chake tayari. Ukiuacha mkondo huo umewashwa, utasukumana na draiva na kuharibu kipimo. Uzime kwenye kila chaneli yenye probu, na uhakikishe umebaki umezimwa baada ya programu kuanzishwa upya.

Chakula cha draiva nacho kina ugeni wake. Ugavi wa kawaida wa volti 24 unafaa, mradi hakuna upande wake uliofungwa tayari kwenye ethi. Ncha ya chanya ya ugavi huenda kwenye alama ya COM ya draiva, na ncha ya hasi kwenye alama ya -24. Fundi aliyezoea kufunga hasi kwenye bodi, kama kwenye gari, mkono wake utataka kufanya kinyume.

Ethi moja tu

Kila aliyewahi kufunga spika kanisani au ukumbini anajua ule mvumo unaotokea amplifaya na mikisa zikichomekwa kwenye soketi mbili zilizo mbalimbali. Ethi mbili hazilingani volti, na tofauti yao hupita ndani ya waya wa sauti. Kiwandani hali ni hiyohiyo, na mota ni kubwa zaidi. Mvumo huo huonekana kwenye kinasa kama mtetemo wa hezi 50, ambayo ni kasi ileile ya mashine inayozunguka mara 3000 kwa dakika. Utamtibu mgonjwa asiyeumwa.

Kanuni ni tatu:

- Wavu unaofunika waya wa kipimo ufungwe kwenye ethi upande mmoja tu, ule wa paneli.
- Kiungio cha kebo ya probu kisiguse bomba wala gamba la mashine. Kifunike kwa kivalio chake au utepe wa tefloni. Gundi ya utepe wa kawaida wa umeme huyeyuka kwenye mafuta.
- Kama kinasa kinaweza kusoma tofauti kati ya nyaya mbili badala ya waya mmoja dhidi ya ethi, tumia uwezo huo.

Macho mawili na alama moja

Probu moja huona shafti ikija na kwenda. Probu mbili zilizopishana nyuzi 90, moja 45 kulia na nyingine 45 kushoto, huweza kuchora njia ambayo kitovu cha shafti kinapita. Probu ya tatu, inayotazama mfereji mdogo uliokatwa kwenye shafti, hutoa mshtuko mmoja kila mzunguko, na kwa huo unajua kasi na upande mzito uko wapi.

Hili hudai mambo mawili kwa kinasa. La kwanza ni kasi ya kuchukua vipimo. Umeona kwenye filamu magurudumu ya gari yakionekana kurudi nyuma. Kamera inachukua picha chache mno. Kinasa hudanganyika vivyo hivyo. Kwa mashine ya mizunguko 1500 kwa dakika, yaani hezi 25, ukitaka kuona hadi mara kumi ya kasi hiyo, hezi 250, chukua vipimo visivyopungua 640 kwa sekunde, na kichujio cha kuzuia udanganyifu huo kiwe mbele ya kinasa. Programu haiwezi kurekebisha baadaye.

La pili ni kupima chaneli zote kwa wakati mmoja. Vinasa vya bei nafuu huzipitia moja baada ya nyingine. Kwa chaneli 8 zenye vipimo 1000 kila moja, jirani huchelewa sekunde 0.000125. Kwa hezi 25 hiyo ni nyuzi 1 tu, inavumilika. Kwa hezi 250 ni nyuzi 11, na mchoro wa njia ya shafti unapinda.

Usiguse waya unaolinda

Mashine kubwa nyingi tayari zina mfumo wa ulinzi unaozima mashine mtetemo ukizidi. Kiwango cha API 670 cha Taasisi ya Petroli ya Marekani ndicho kinachofuatwa sana. Usichomeke kinasa chako kwenye waya huohuo; kosa dogo la mzigo au ethi linaweza kuzima kiwanda, au kibaya zaidi, kuzuia kisizimike. Paneli za ulinzi huwa na soketi za nakala, ambazo hutoa kipimo kilekile kupitia kizuizi cha kielektroniki. Chomeka hapo.

Kabla ya kuwasha

Masika ni wakati wa kiwanda cha sukari kusimama na mafundi kufungua mashine. Fanya haya kabla miwa haijarudi:

1. Pima volti ya pengo kwa malitimita kwenye draiva, kisha isome kwenye kinasa. Zilingane.
2. Andika volti hiyo, tarehe na joto la beringi kwenye daftari la mashine.
3. Zungusha shafti taratibu na urekodi. Mikwaruzo na usumaku wa shafti huonekana kama mtetemo. Kiasi hicho ndicho cha kutoa baadaye.
4. Hakikisha IEPE imezimwa.
5. Zima na uwashe mota kubwa ya jirani huku ukitazama skrini. Kitu kikiruka, tafuta ethi ya pili.

Muhtasari wa sura

- Probu hupima umbali bila kugusa, kwa mikondo inayojizungukia ndani ya chuma.
- Volti iliyosimama inasema shafti imekaa wapi. Volti inayocheza inasema inatetemeka kiasi gani.
- Dari ya volti 10 huweza kuua zote mbili. Kichujio huua ya kwanza na kubakiza ya pili.
- Kinasa chenye uwanja mpana, au kigawanyo kilichopimwa, hufikisha zote.
- Mstari ulionyooka kwenye skrini si habari njema mpaka umesoma volti ya pengo.

Fundi mwenye malitimita moja na daftari, anayeandika volti ya pengo kila Jumatatu, ataiona beringi inayolika mapema kuliko mwenye kompyuta ya bei kubwa aliyeweka swichi ya kichujio akaisahau.